Nilivyopoteza sauti stendi ya Moshi, na waimba teno wa opera walivyonifundisha kuimba upya

Ilikua asubuhi ya Pasaka, ibada ya kwanza, kanisa limejaa mpaka watu wako nje kwenye viti vya plastiki, na solo nimepewa mimi. Teno naimba tangu nina miaka kumi na saba, solo nimeshaimba nyingi tu, na hii ilikua mistari minne, karatasi imeandikwa Doh ni C, sauti inapanda taratibu mpaka noti ya la, la ya juu, afu soprano wanapokea. Nilipofika kwenye ile la haikutoka. Sio kwamba ilitoka vibaya, haikutoka kabisa, mdomo uko wazi, mishipa ya shingo imesimama, hewa inapita tu kama tairi lenye pancha. Mwalimu wetu wa kwaya akaniangalia, akawanyanyulia mkono soprano wakaingia kabla ya zamu yao, wimbo ukaendelea. Baba alikua nyuma yangu kwenye safu ileile ya teno, nikamsikia anakohoa kidogo kama anataka kuniambia kitu afu akaacha.

Sikushtuka ghafla hivo, kiukweli dalili zilikuwepo karibu mwaka mzima na nilikua nazipuuza. Kazi yangu ni konda, haisi za hapa mjini, Majengo, Soweto, Pasua, siku nyingine tunapelekwa ruti ya KCMC. Saa kumi na moja alfajiri uko stendi, mlima bado umejifunika, Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye meno, na wewe unaita. Unaita Pasua Pasua Pasua kwa sababu na mwenzako pembeni anaita Pasua hiyohiyo, anaeita zaidi ndo anajaza, na gari isipojaa hesabu ya tajiri haitimii. Unapiga debe hivo mpaka saa mbili usiku. Jumatano na Ijumaa unatoka hapo moja kwa moja mazoezini, hujapumzika, hujanywa hata maji, unaimba kwa nguvu kwa sababu kwetu teno mzuri ni yule anaesikika kuliko wengine. Jumapili unarudia. Asubuhi nikiamka sauti inakwaruza mpaka saa nne, nikawa nasema ni vumbi, ni baridi, ni kiyoyozi cha lile gari jipya. Kila mtu alikua na dawa yake, tangawizi na limau, asali, pilipili manga, mama mmoja wa alto alinishauri mayai mabichi mawili kila alfajiri na nikayanywa mwezi mzima.

Jumatatu baada ya Pasaka nilikwenda hospitali kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Alikua dada wa makamo, mpole sana, akanipulizia kitu cha kutia ganzi puani akapitisha kamera nyembamba kama waya wa spoku, akageuza skrini na mimi nione. Sikuwahi kufikiria kama sauti ni kitu kinachoonekana. Kuna mikanda miwili midogo myeupe, imekaa kama herufi V, ukivuta pumzi inafunguka, ukisema iii inafunga inatetemeka. Katikati ya kila mkanda kulikua na kiuvimbe, vinatazamana, kwaio mikanda ikitaka kufunga vile viuvimbe vinakutana kwanza na pembeni panabaki uwazi, hewa inavuja. Ndo ile hewa ya tairi.

Akaniambia, kaka yangu, hivi ni vinundu, ni kama sugu kwenye kiganja cha mtu anaelima. Ukiimba ile la yako ya juu mikanda hii inagongana mara 440 kwa sekunde moja, we ukiwa stendi unapiga kelele maana yake unaigonganisha kwa kishindo, kutwa, miaka sita, lazima iote sugu. Nikamuuliza kuhusu mayai. Akacheka kidogo, akasema unachokunywa kinapita njia ya chakula, hakigusi hiyo mikanda, yaani nyuzi za sauti, hata kidogo, mwili mzima ukiwa na maji ya kutosha ndo zenyewe zinalainika. Kunywa maji kutwa. Kupasua akasema tusikimbilie, kwanza wiki mbili usiongee kabisa, hata kunong'ona usinong'one, baada ya hapo miezi kadhaa ya kuongea kwa kipimo na mazoezi ya pumzi.

Wiki mbili kimya, mimi konda! Deiwaka akakaa kwenye nafasi yangu, mi nikakaa gengeni kwa mama Pasua napanga nyanya mafungu, mteja akiuliza bei naonyesha kwa vidole. Huko ndo nikaanza kuwasikiliza hawa watu wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa, maana nilikua na simu na sina la kufanya. Zamani nilikua nawaona kama wazungu wanaopiga mayowe kwa lugha isiyoeleweka. Safari hii nilikua natafuta jambo moja tu, kama kuna mtu mwingine duniani mwenye sauti kama yangu aliyewahi kupatwa na vinundu akapona.

Nikamkuta Luciano Pavarotti. Yule bwana mnene wa leso nyeupe ambae hata asiejua opera anamjua, kwa sababu Kombe la Dunia la 1990 kule Italia wimbo wake ndo ulikua unapigwa. Nilidhani ni mtoto wa matajiri. Kumbe baba yake Fernando alikua mwoka mikate mji wa Modena, mama yake anafanya kazi kiwanda cha sigara, na yeye Luciano alianza kuimba kwenye kwaya ya mji, safu moja na baba yake, wote wawili teno. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikatazama barabarani muda mrefu. Mwaka 1955 kwaya yao ilisafiri mpaka Llangollen, Wales, kwenye mashindano, wakawa wa kwanza, na ndo hapo alipoamua kuimba iwe kazi yake. Baba yake alikua na sauti nzuri sana ila hakwenda kwenye jukwaa kubwa kwa sababu ya woga. Baba yangu mimi ameimba teno miaka zaidi ya thelathini na hajawahi kukubali solo hata moja, ukimuuliza anasema solo ni za vijana.

Huyo Luciano hakuanza kwa raha. Alifundisha shule ya msingi, akauza bima, na bima ni kazi ya kuongea na watu kutwa nzima, mnaelewa wenyewe. Masomo ya sauti alianza 1954 kwa mwalimu anaitwa Arrigo Pola, ambae alipoona familia haina hela akamfundisha bure. Baadae sauti ikaota kinundu, akafanya onyesho Ferrara likaharibika vibaya mpaka akatangaza anaacha kuimba. Yaani aliacha. Na alipoacha, ule mzigo ukamtoka kichwani, sauti ikarudi yenyewe. Tarehe 29 Aprili 1961 huko Reggio Emilia ndo akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza kama mwimba opera kamili, kwenye opera ya La bohème ya mtunzi Puccini. Hesabu hapo, 1954 mpaka 1961. Sisi kwaya mtu anajiunga Januari, Pasaka anataka solo.

Nikaendelea kutafuta. Enrico Caruso, mtoto wa Naples wa familia ya hali ya chini, alifundishwa ufundi wa mitambo utotoni na kuimba kanisani, akaja kua sauti iliyouza santuri kuliko zote enzi zake. Tarehe 11 Aprili 1902 alirekodi nyimbo kumi kwenye chumba cha hoteli Milan, anaimbia kwenye tarumbeta kubwa la bati, hamna maiki, kurekodi kwa umeme kulikuja 1925 na yeye alikua ameshafariki 1921 akiwa na miaka 48. Na yeye pia koo lilimsumbua, 1909 alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti akarudi kuimba. Halafu José Carreras, 1987 akaugua saratani ya damu, watu wakajua basi tena, 1990 alisimama Roma na Pavarotti na Plácido Domingo wakaimba watatu. Sa mi nina vinundu viwili tu nalia gengeni?

Wiki mbili zilipoisha nilikwenda kwa Mwalimu, sio yule wa kwaya, mwalimu wangu wa zamani. Ni mstaafu wa shule ya msingi, ana miaka sabini na kitu, alitufundisha kusoma solfa, zile do re mi, wengi wetu hapa na sasa hafundishi kwaya yoyote, anafuga kuku na kupogoa kahawa zake chache. Nikamwambia shikamoo Mwalimu kwa sauti ndogo ya kwanza kuitoa baada ya siku kumi na nne. Akasema marahaba mwanangu, nilijua utakuja, siku ya Pasaka nilikuepo. Hakuniambia niimbe. Akanilaza kwenye mkeka barazani, akachukua kitabu cha nyimbo akakiweka tumboni kwangu juu kidogo ya kitovu, akasema vuta pumzi kitabu kipande, toa kwa sss kishuke polepole, kisidondoke. Kifua kisitikisike wala mabega. Siku ya kwanza nilifika sekunde kumi na mbili kitabu kikaanza kutetemeka. Mwezi wa pili nilikua nafika arobaini.

Nikamsimulia nilichosoma, kwamba 1965 Pavarotti alizunguka Australia na mwanamama Joan Sutherland, soprano mkubwa, na akawa anamwomba aweke mikono tumboni kwake akiwa anaimba asikie misuli inavyofanya kazi. Mtu ameshaimba London, ameshakua na jina, na bado anaomba kushikishwa pumzi! Mwalimu akafurahi sana, akasimama akasema haya shika, akavuta pumzi, nikaweka viganja kwenye mbavu zake za chini upande wa nyuma. Mzee mwembamba wa miaka sabini na kitu, lakini mbavu zilifunguka zikanisukuma mikono nje kama mtu anaefungua mwavuli, akaimba aaa moja laini, ndefu, na mbavu hazikurudi ndani mpaka mwisho kabisa. Hapo ndo nilielewa. Miaka yote nilikua nasukumia sauti kooni, kumbe koo halina kazi ya kusukuma, kazi yake ni kukaa wazi.

Miezi iliyofuata tuliimba irabu tu. A, e, i, o, u, noti tano kupanda tano kushuka, basi. Nilichoka, nikamwambia Mwalimu lini tutaimba wimbo, akanijibu kwamba Waitaliano wamekua mabwana wa kuimba sababu mojawapo ni lugha yao, maneno yao karibu yote yanaishia na irabu, mdomo haufungwi. Sasa Kiswahili je? Bwana, amani, neema, nakuinua, taja neno la kwetu linalofunga mdomo mwishoni. Tumepewa lugha ya kuimbia tangu tumboni afu tunaipigia kelele. Hilo jambo limenikaa mpaka leo, nadhani wanakwaya wengi hawajawahi kuambiwa. Tunaiga waimbaji wa video wanavyominya maneno puani wakati a yetu ya kawaida kabisa, ile ya mama, ni a ambayo wanafunzi wa nchi nyingine wanasota miaka kuipata.

Jambo jingine ambalo lilinishangaza ni la kusikika. Waimba opera hawatumii maiki. Orkesta, yaani kundi la wapiga ala, watu sitini sabini, iko chini yao inapiga, ukumbi wa watu elfu tatu, na mtu mmoja anasikika mpaka viti vya juu kabisa. Nilidhani ni mapafu makubwa. Kumbe wataalamu walishapima, orkesta nguvu yake kubwa iko kwenye mitetemo kama 500 hivi kwa sekunde na kwenda juu inapungua, na mwimbaji aliyefundishwa anajenga mng'ao kwenye sauti yake karibu na mitetemo 3000, pale ambapo orkesta imeacha nafasi, na sikio la binadamu linasikia vizuri sana maeneo hayo. Nikaikumbuka filimbi ya trafiki. Pale mjini injini zote zinanguruma, honi, muziki wa bodaboda, na askari mmoja akipuliza kafilimbi kadogo kila dereva anasikia. Haizidi injini kwa nguvu, inapita mahali ambapo injini hazipo.

Ndo maana siku hizi nagombana kidogo na wenzangu kwaya kuhusu maiki. Kila mtu anataka yake, fundi mitambo anapandisha, besi hawajisikii wanaongeza, teno tunaongeza, mwisho tunapiga kelele wote na spika juu yake. Najua makanisa ni makubwa na watu wako nje, siwalaumu. Ila mazoezini jamani tuzime.

Na ile hamu ya noti za juu. Kila teno ana ugonjwa huo, mi nilikua nao vibaya. Zamani Ulaya noti za juu sana teno walikua wanazipitia kwa sauti nyepesi ya kichwani, mpaka mwaka 1837 Paris Mfaransa mmoja Gilbert Duprez akaimba do ya juu kwa sauti nzito ya kifua, watu wakapagawa. Ilikua kwenye opera ya Guillaume Tell, na Rossini mwenyewe aliyeitunga hakupenda, alisema inalia kama jogoo aliyehasiwa anachinjwa. Lakini ndo hivo, kuanzia hapo kila teno anadaiwa ile do. Februari 17, 1972, New York, Pavarotti akaimba do za namna hiyo tisa kwenye wimbo mmoja, ukumbi ukamrudisha jukwaani mara kumi na saba. Nimeisikiliza sana hiyo ya zile do tisa, na kilichonishika sio do zenyewe ila katikati yake, anavyotulia, hakuna hata moja anayoikimbilia. Mtu huyohuyo 1992 pale La Scala, jumba la opera la Milan, sauti ilimteleza jukwaani na watu wakamzomea. Huyo ni Pavarotti. Kwaio la yangu ya Pasaka nikaisamehe.

Niliwahi kumuuliza Mwalimu kama mtu mweusi anaweza kufika huko, maana picha zote nilizoona ni za wazungu. Nikaja kujua mwenyewe, George Shirley, Mmarekani mweusi, tangu 1961 aliimba sehemu kubwa za teno kwenye jumba la opera la Metropolitan New York, na kijana wa Kroonstad Afrika Kusini, Levy Sekgapane, alishinda Operalia, mashindano ya dunia ya waimba opera, mwaka 2017. Afrika Kusini wanatoka kwaya hizihizi za solfa kama sisi. Simaanishi mimi niende Milan, nina mke na watoto wawili na hesabu ya gari. Lakini nilihitaji kujua kwamba mlango upo.

Stendi nimerudi, maisha lazima yaende, ila siiti kama zamani. Nagonga bodi ya gari kwa kiganja, nina kibao nimeandika ruti kwa rangi nyekundu nakiinua juu, na nikiita naita kwa pumzi ya tumboni, fupi, naacha, nakunywa maji. Mwanzo dereva alinuna, akasema gari halijazi. Linajaza. Siku ya solo siongei mpaka saa ya ibada, mke wangu ameshazoea, watoto wanafikiri ni mchezo.

Nilirudi kuimba solo baada ya miezi kumi na moja. Haikua Pasaka, ilikua Jumapili ya kawaida, na wimbo wa kawaida, Mwalimu wa kwaya alinipa kimyakimya bila kutangaza. Tumeingia beti ya kwanza umeme ukakatika. Kibodi kimya, maiki kimya, watu wakaanza kugeuka kuangalia dirishani. Mi nilikua nimeshavuta pumzi. Nikaendelea tu, nikafungua a, nikaiacha iende, na nikawasikia wenzangu wanashika sauti zao chini yangu bila kelele, besi kwanza, na mara ya kwanza maishani nilisikia kanisa letu linavyorudisha sauti kutoka ukuta wa nyuma. Ile la ilipofika sikuisukuma. Bibi mmoja wa viti vya nyuma kabisa, ambae masikio yake sio mazuri, aliniambia nje kwamba leo maneno ameyasikia yote.

Baba hakusema kitu kanisani. Hakusema njiani, hakusema tukila. Jioni nimepita kwake kumpelekea mkate, nikakuta sebuleni taa imewashwa, amelala chali kwenye mkeka, viatu ameviweka pembeni, kitabu chake cha nyimbo kiko tumboni. Akanigeuzia macho bila kuinua kichwa.

"Hivi?" akaniuliza. "Au kishuke zaidi?"

Nikakisogeza chini vidole viwili, nikakaa pembeni yake, nikaanza kumhesabia.